Msamaha Uliokula Pikapu Yangu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo chai hunichachukia kinywani. Ilikuwa Jumanne, na mimi nilikuwa na miaka arobaini na miwili. Najua kwenu nyinyi huo ni uzee. Kwangu ulikuwa ujana. Nilikuwa na meno yote, na nguvu za kubeba gunia la nazi peke yangu, na tena nilikuwa na kiburi. Kiburi ndicho kitu cha mwisho kumtoka mtu, na changu hakijanitoka chote. Nakwambia mapema usije ukanidhania walii.

Nilikuwa na pikapu nyeupe. Mimi Mejumaa, niliyetolewa shule darasa la tatu nikalee wadogo zangu, nilikuwa na pikapu kwa jina langu, nikiiendesha mwenyewe, buibui na yote. Kila alfajiri nilitoka Msambweni na ndimu, nazi, mihogo na mchicha, nikavipeleka jikoni kwa hoteli moja kubwa kule Galu. Mpishi mkuu wa pale alikuwa mtu wa bara, mkali kama pilipili mbuzi, lakini mboga zangu alizipenda. Neno lake lilikuwa moja: "Mama, saa kumi na mbili na nusu. Ikipita, nanunua kwa mwingine." Miaka minne sikupitisha hata siku moja. Pikapu ile ndiyo iliyosomesha wanangu, ndiyo iliyoezeka nyumba mabati, na ndiyo iliyomfanya marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, anyamaze nilipokuwa nikisema.

Bima nilikuwa nayo pia. Si ile ndogo ya kubandika kiooni ili askari asikusumbue. Ile kubwa, inayotengeneza hata gari lako mwenyewe likigongwa. Aliniuzia kijana mmoja ambaye ofisi yao ilikuwa Ukunda. Alivaa tai katika joto lile, mpaka nikamhurumia. Akaniambia, "Mathe, we lala tu. Ukigongwa, sisi ndio tunaumia, si wewe." Penye urembo ndipo penye urimbo. Akanipa kitabu cha maandishi madogo kama mayai ya chawa, chote Kiingereza, akaniwekea kidole pahali pa kutia saini. Nikatia. Sikuuliza humo ndani mna nini. Niliona haya, mwenye pikapu aonekane hajui kusoma?

Basi Jumanne hiyo, sijafika njia panda ya Galu, lori la mawe likatoka kwenye njia ya vumbi ya machimbo bila kusimama, likanipiga ubavuni. Pikapu ikazunguka, ikaingia mtaroni, ndimu zangu zikatapakaa lami nzima. Bega liliniuma vibaya, lakini nilitoka kwa miguu yangu. Nikamkuta dereva wa lori amekaa chini, ameshika kichwa, analia kama mtoto. Nikamtambua. Ni Bakari, mtu wa mtaa wetu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Mkewe na mimi tumeazimana masufuria ya harusi sijui mara ngapi.

"Bi Mejumaa, ni kosa langu," akasema. "Nilikuwa nimeshika simu."

Askari akaja, akapima, akaandika, akasema jambo liko wazi, kosa ni la lori. Nikampigia simu kijana wa bima. "Pole sana mathe," akasema. "Kuja tu ofisini na makaratasi zote." Hilo tu. Hakuniambia fanya hivi, wala usifanye vile.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipojichimbia kaburi kwa jembe langu mwenyewe.

Sisi watu wa pwani, mtu akimuumiza mwenziwe bila kukusudia, hatukimbilii mahakamani. Wazee huja. Baada ya swala ya alasiri nikawaona wanaingia uani kwangu, watano, na Bakari katikati yao kama bwana harusi aliyekosa mahari. Wamechukua halua na buli la kahawa. Wakakaa barazani, wakanipa pole, wakaniuliza hali ya bega. Kisha mzee wa mtaa akaanza.

"Mejumaa, huyu ni mtoto wako. Lori si lake, ni la tajiri. Tajiri akisikia anadaiwa, Bakari kazi hana, na nyumbani ana watoto sita. Sisi tumekuja kukuomba."

Mwingine akadakia, "Na tena, bima si anayo?"

"Anayo kubwa," akasema wa tatu.

"Basi bima na itengeneze. Kampuni haina watoto wa kulisha."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Mwanangu, nilikipenda kikao kile. Wanaume watano wazima wamekuja kumwomba Mejumaa wa darasa la tatu. Nikasimama, nikapaza sauti ili hata wanawake walioko jikoni wasikie: nimemsamehe Bakari, gari na mwili. Ikasomwa Fatiha. Bakari akanibusu mkono, akaulowesha kwa machozi.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mzee wa mtaa ni mtu wa kupenda maandishi. Akatoa karatasi, akaandika kwamba mimi Mejumaa nimemsamehe Bakari pamoja na mwenye lori, sina dai kwao kwa gari wala kwa mwili, duniani wala akhera. Nikatia saini kwa madaha, wazee wakatia zao za ushahidi. Nakala moja kwake, moja kwa Bakari, moja kwangu.

Kesho yake nikaenda Ukunda na ile karatasi nimeiweka juu kabisa ya makaratasi yote, juu ya barua ya polisi, juu ya leseni. Niliona ndiyo ya maana kuliko zote. Nilitaka waone kwamba sisi ni watu wa amani, hakuna ugomvi, wao kazi yao ni kutengeneza tu. Bibi mmoja mwenye miwani pale dirishani akaisoma. Akaisoma tena.

"Hii umeandika wewe mwenyewe?"

"Imeandikwa mbele yangu, na saini ni yangu mwenyewe," nikamjibu, na kifua mbele.

"Sawa, mama," akasema. Akaitoa kopi, akanirudishia yangu, akaniita "mama" mara nyingine, akaniambia ningoje simu.

Alijua. Na hiki ndicho kinachoniwasha mpaka leo. Pale pale aliposoma mara ya pili alijua kwamba nimejikata mwenyewe, na karatasi ilikuwa bado na siku moja, wazee bado hai, Bakari bado machozi hayajamkauka. Angalisema neno moja. Alipiga kopi.

Nikangoja wiki tatu. Akaja mkaguzi wao gereji, pikapu ilikovutwa, akapiga picha, akaondoka. Mimi kila alfajiri nikikodi gari la watu ili nisimpoteze yule mpishi, na kila alfajiri nikimwambia, "Wiki hii pikapu inatengenezwa." Siku mbili gari la kukodi lilichelewa. Ya pili yake mpishi alitia alama kwenye daftari lake.

Barua ikaja, ya Kiingereza. Nikampelekea mwalimu jirani yetu anisomee. Akaisoma kwanza peke yake mpaka chini.

"Bi Mejumaa, wanasema hawatatengeneza."

"Kwa nini? Si nililipa?"

"Ulilipa. Wanasema aliyekugonga walikuwa na haki ya kumdai yeye na bima ya lile lori, wajirudishie gharama. Wewe umemsamehe bila kuwauliza, umewafungia mlango. Kwa hivyo na wao wamekufungia."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Haikubadilika.

Nilikwenda Ukunda siku hiyo hiyo na kanga zangu za nyumbani, sikukumbuka hata buibui. Nikampita yule bibi wa dirishani, nikaingia mpaka kwa meneja. Yule kijana wa tai nilimwona ameinamia kompyuta kama anatafuta sindano ndani yake.

"Mama, tafadhali ukae," meneja akasema.

"Sikai. Mtu haketi nyumbani kwa aliyemwibia."

"Hakuna aliyekuibia. Masharti yapo kwenye kitabu, ukurasa wa tisa."

"Ukurasa wa tisa mlinisomea lini?"

"Mama, ulitia saini."

"Nilitia saini pale kijana wako aliponiwekea kidole. Kidole chake hakikufika ukurasa wa tisa. Haya, na yule bibi wako nje, alipoisoma karatasi yangu ya suluhu, alijua au hakujua?"

Meneja akatazama mlango. "Ile si kazi yake kukushauri."

"Basi kazi yake ni nini? Kuniita mama?"

Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Miaka minne walikula nami, kila mwaka wakinipigia simu siku ya kulipa, hawakuisahau hata mara moja, na sauti tamu kama tende. Siku ya msiba wakakumbuka ukurasa wa tisa.

Nadhani meneja aliogopa makelele, maana watu walikuwa wamejaa dirishani wakisikiliza. Akashusha sauti. Akasema iko njia moja. Niende kwa Bakari, aandike karatasi nyingine kwamba ile ya kwanza ni bure, kwamba kosa ni lake na mimi nimerudisha dai langu kwake na kwa mwenye lori. "Ukituletea hiyo," akasema, "tutaangalia."

Sikulala vizuri juu ya neno lile "tutaangalia". Lakini nakwambia kweli, mwanangu, asubuhi nilipoamka nilikuwa nimeshaamua. Nitamfuata Bakari anirudishie msamaha wangu. Nilishapanga hata maneno. Pikapu iko gereji inaota kutu, mpishi ana daftari, na mimi nikonde kwa ajili ya mtu aliyekuwa akichezea simu?

Kwanza nikapita kwa shangazi yangu, Bi Mwanamisi, ndugu wa baba yangu. Kwetu jambo zito halifanywi bila shangazi kujua. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka anasuka ukili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mbona umefura kama chapati ya jana?"

Nikamweleza yote. Nikawalaani watu wa bima mmoja mmoja, na mama zao. Yeye vidole vyake vinakwenda tu, haniangalii. Nilipofika pa kumfuata Bakari akauweka ukili chini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wale watu wa bima ni wezi wa adabu. Waliliona shimo wakakuacha utumbukie. Hilo Mungu ataliuliza. Lakini na mimi nina langu la kukuuliza. Siku ile barazani, ulisamehe cha nani?"

"Changu."

"Chako kipi? Ulisema mwenyewe, bima itatengeneza. Ulisamehe kwa mfuko wa watu, ukapaza sauti, ukabusiwa mkono. Mbuzi wa shirika, mmoja hamchinji akaita watu karamu. Ulipaswa kumuuliza mshirika wako kwanza. Hukuuliza, kwa sababu ulikuwa na haraka ya kusifiwa."

Nikataka kujibu. Akauokota ukili, akaninyooshea kama bakora.

"Na sasa msamaha umekuwa na bei, unataka kuurudisha. Fatiha utairudisha vipi, utaisoma kinyumenyume? Sikukatazi. Gari ni lako, na dhiki ni yako. Lakini ujue kwamba mpaka leo hujamsamehe Bakari. Leo ndiyo siku ya kwanza unaulizwa."

Niliondoka sijamuaga vizuri. Nilikuwa nimekasirika naye kuliko meneja, kwa sababu meneja alisema uongo wenye sura ya kweli, na shangazi alisema kweli tupu.

Sikuhitaji kumfuata Bakari. Nilimkuta uani kwangu, amesimama juani, hataki kukaa. Mwalimu alikuwa amemwambia habari ya barua. Mkononi ana daftari la mwanawe na kalamu.

"Bi Mejumaa, nimesikia. Ukitaka niandike, naandika sasa hivi. Tajiri atanifukuza, hilo najua, ameshamfukuza mwingine kwa dogo kuliko hili. Lakini pikapu ni ulaji wako. Niambie tu niandike nini."

Akafungua daftari. Ukurasa wa kushoto mna hesabu za mtoto, za kujumlisha, mwalimu ametia pata na kosa. Kulia ni patupu. Akanitazama, anangoja.

Usidhani moyo wangu ulijaa nuru. Ulijaa nyongo. Nilimtazama nikawaza pikapu, nikawaza mabati yangu, nikawaza ile simu yake. Ningeliiona siku ile ningeliitupa baharini. Kuku wakaja kumdonoa miguuni. Kisha nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri:

"Funga daftari la mtoto. Nenda kazini."

"Bi Mejumaa..."

"Nenda kabla sijabadili nia."

Akaenda. Mwezi mzima sikuitikia salamu yake ila kwa kichwa. Nilikuwa nimemsamehe, lakini sikuwa na nguvu za kumchekea pia.

Mwezi ulipokwisha mpishi wa Galu akaniambia amepata mtu mwingine, mwenye gari lake. Pikapu niliiuza kwa fundi wa bodi, akaichinja vipande vipande. Mlango wa kushoto niliuona siku moja kwenye gari la mtu hapo Ukunda, bado mweupe, na ule mkwaruzo wangu nilioupata kwenye mlingoti wa geti. Nikasimama njiani kama mjinga mpaka gari likapotea. Miaka mitatu nilipeleka ndimu kwa tuktuk ya kukodi, kwenye vibanda vya samaki na mikahawa midogo, mpaka nikainuka tena. Watu wa bima sikuwasamehe. Hawakuniomba. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Sasa wewe, mwanangu. Siku utakayogongwa, na Mungu apishe mbali, utatetemeka, na mtu atalia mbele yako, na wazee watakuja na halua. Wapokee, wape kahawa, mpe mkosaji pole yake. Lakini usitie saini. Usiseme pale barabarani kosa ni lako wala umemwachia mtu. Piga picha, chukua barua ya polisi, kisha nenda kwa bima yako uwaulize kwa kinywa chako: nikimsamehe huyu, nyinyi mtafanya nini? Wakujibu kwa maandishi, kwa maana ulimi wa ofisini hauna mfupa. Gari lenye bima si lako peke yako, lina mshirika, na mshirika huyo ni nyoka aliyelala. Ukishajua msamaha wako utakugharimu nini, hapo samehe au usisamehe, lakini uwe ni wako. Msamaha wa mfuko wa watu ni makelele ya barazani.

Na kabla ya hayo yote, siku ya kununua ile bima, waambie wakusomee kwa Kiswahili kila ukurasa, wa tisa na wa kumi na tisa. Wakichoka, wachoke. Mimi, bima ya gari langu la sasa nilisomewa kutoka saa tatu mpaka adhana ya adhuhuri, na kijana wa watu alitoka jasho mpaka mgongoni. Haya haijengi nyumba. Na wewe uliyesoma, usingoje mama yako aone haya. Kaa naye chini, fungua yale makaratasi aliyoyafungia sandukuni, msomee.

Mungu akuepushe na lori lisilosimama na ofisi isiyosema. Akupe macho ya kusoma kabla mkono haujaandika, akupe jirani wa kukujia na kalamu yake mwenyewe, na siku utakayoulizwa kwa kweli, akupe kifua cha kujibu. Amina.